Kura ya Maoni Kabla ya Mkataba au Baada Yake: Ulinganisho kwa Mpiga Kura wa Magharibi mwa Kenya

Reli ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901, mji huo, ambao wakati huo uliitwa Port Florence, haukuwa ndani ya nchi tunayoiita Kenya leo. Ulikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda, mkoa uliofika hadi Naivasha. Mwezi Aprili 1902 serikali ya Uingereza iliuhamishia mkoa huo wote katika himaya yake ya Afrika Mashariki, na watu wa kuanzia Bonde la Ufa hadi mwambao wa ziwa wakajikuta chini ya utawala mwingine bila hata mmoja wao kuulizwa. Mpaka unaopita Busia na Malaba leo una asili yake katika uamuzi huo, na ndio sababu Wasamia na Wateso wana ndugu pande zote mbili, kama walivyo Wabukusu na jamaa zao Wamasaba wa Mlima Elgon.

Ninaanza na habari hiyo kwa sababu mpaka huo huo huenda ukaguswa tena. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unataja hatua nne: umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa sarafu, na mwishowe shirikisho la kisiasa. Mwaka 2017 wakuu wa nchi wanachama walikubaliana kwamba kabla ya shirikisho kamili kuwe na muungano mlegevu zaidi, ambamo kila nchi inabaki na mamlaka yake makuu. Katika vikao vya elimu ya uraia ambavyo nimeshiriki Kisumu na Busia, mama mmoja anayevusha omena na mitumba mpakani aliniuliza swali ambalo limeongoza makala haya: «Mwalimu, siku hiyo tutapigia kura kitu gani hasa? Tutapewa maandishi, au tutaambiwa tu kwamba umoja ni nguvu?»

Swali lake ni zito kuliko lile la ndiyo au la. Nchi ambazo zimewauliza wananchi wao kuhusu uhuru au kuhusu kujiunga na muungano mkubwa hazikuwauliza kwa namna moja, na namna ya kuuliza mara nyingi ndiyo iliyoamua kama jibu lilileta utulivu au miaka ya ugomvi. Nitazilinganisha namna hizo nikiwa na nia ya wazi, kwamba msomaji ajue aina ipi ya kura aidai kabla karatasi hazijachapishwa.

Kutoulizwa kabisa

Njia hii ni ya haraka, na eneo letu linaifahamu. Tarehe 5 Juni 1963, Kenyatta, Nyerere na Obote walitoa tamko Nairobi kwamba shirikisho la nchi tatu lingeundwa kabla ya mwaka huo kwisha. Halikuundwa. Mwaka uliofuata, Nyerere na Karume walitia sahihi hati za Muungano wa Tanganyika na Zanzibar tarehe 22 Aprili, na siku nne baadaye nchi hizo mbili zikawa moja bila kura ya wananchi wa upande wowote. Muungano huo umedumu kwa zaidi ya miaka 60, jambo ambalo miungano mingi ya Afrika haikulifikia, na ni haki kulisema. Hata hivyo malalamiko ya kwamba wananchi hawakuulizwa hayajawahi kuisha, hasa Zanzibar, na kila mjadala wa katiba huko huyafufua.

Kuna pia kuulizwa nusu. Mwezi Februari 1961, Umoja wa Mataifa uliwasimamia watu wa Kameruni iliyokuwa chini ya Waingereza wapige kura ya kuchagua kujiunga na Nigeria au kujiunga na Jamhuri ya Kameruni. Chaguo la tatu, kuwa nchi huru peke yao, halikuwekwa kwenye karatasi. Kusini walichagua Kameruni kwa takriban asilimia 70, wakaingia katika shirikisho, na shirikisho lenyewe likafutwa mwaka 1972 kwa kura iliyopigwa na nchi nzima, ambamo wao walikuwa wachache. Vita vinavyoendelea katika maeneo yanayozungumza Kiingereza huko Kameruni vina mizizi katika historia hiyo. Mtu anayeandika machaguo huwa ameamua nusu ya jibu kabla ya kura kupigwa.

Uingereza 2016 na Norwei 1994

Hapa ndipo ulinganisho una faida kubwa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa nchi zote mbili ziliulizwa kuhusu Umoja wa Ulaya, zote ni za kidemokrasia zenye tume na mahakama imara, na matokeo ya zote mbili yalikaribiana sana. Tofauti ilikuwa wakati wa kuuliza.

Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walitakiwa kuchagua kati ya kubaki katika Umoja wa Ulaya na kuondoka. Asilimia 51.9 walichagua kuondoka. Neno «kuondoka» halikuwa na mkataba wowote nyuma yake. Mmoja aliyelipigia kura alitaka nchi ibaki katika soko la pamoja bila kuwa mwanachama, mwingine alitaka kukata kila uhusiano, na wote wawili walihesabiwa fungu moja. Waziri Mkuu alijiuzulu, mwenzake aliyemfuata akajadiliana na Ulaya, na mkataba alioleta ukakataliwa na bunge mara tatu mwaka 2019. Nchi iliondoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, miaka mitatu na nusu baada ya kura. Jambo lililowasumbua zaidi, yaani mpaka wa Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland, halikupewa uzito wake wakati wa kampeni. Mkazi wa Busia hahitaji kuelezwa kwa kirefu maana ya mpaka ambao watu huuvuka kila siku kwenda sokoni, shuleni na matangani, kisha unageuka ghafla kuwa mpaka wa forodha kati ya dola mbili zenye sheria tofauti.

Norwei ilifuata mkondo mwingine. Serikali yake ilijadiliana kwanza na Ulaya, mkataba wa kujiunga ukatiwa sahihi katikati ya 1994, na tarehe 28 Novemba mwaka huo wananchi wakaulizwa kama wanaukubali. Zaidi ya asilimia 88 ya wapiga kura walijitokeza, na asilimia 52.2 wakakataa. Wavuvi na wakulima wa kaskazini waliyajua masharti ya samaki na ya mazao yalivyoandikwa, wakapima, wakasema la. Kesho yake hakuna kilichovunjika, kwa sababu Norwei ilikuwa tayari imeingia katika mpango wa soko la pamoja na Ulaya bila uanachama, na imebaki humo hadi leo. Wananchi hao hao walikuwa wamekataa mwaka 1972 kwa asilimia 53.5, na waliweza kuulizwa tena baada ya miaka 22 bila nchi kutikisika.

Kwa mtu wa Dunga au wa Usenge anayetegemea sangara na omena, ninaona mfano wa Norwei una manufaa zaidi. Ziwa Viktoria linagawanywa na nchi tatu, Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria ya Jumuiya ina makao yake hapa Kisumu, na mgogoro wa kisiwa cha Migingo umetuonyesha jinsi mvuvi anavyoumia pale mamlaka ya maji yasipoeleweka. Chini ya shirikisho, nani atatoa leseni ya uvuvi? Nani atakamata mashua, na kesi itasikilizwa katika mahakama ipi? Kura ya mtindo wa 2016 ingemtaka mvuvi akubali kwanza na kupata majibu baadaye.

Njia ya Norwei nayo ina udhaifu wake. Wanaoandika mkataba hupata nguvu kubwa, na mwananchi hufikiwa na kitabu kizima cha kukubali au kukataa, bila nafasi ya kufuta hata kifungu kimoja. Wapo wanaosema pia kwamba watu hawasomi, kwa hiyo kupewa maandishi ni bure. Hoja hii ya pili siikubali, na sababu yangu ni sisi wenyewe.

Tulivyofanya 2005 na 2010

Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walipewa rasimu ya katiba, ndizi ikiwa alama ya kukubali na chungwa alama ya kukataa. Takriban asilimia 58 walichagua chungwa, na Nyanza ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyokataa kwa wingi mkubwa. Kulikuwa na siasa za vyama na za viongozi, bila shaka, lakini kulikuwa pia na maandishi mezani, na watu waliweza kuonyesha kwa kidole kifungu kilichompa rais madaraka mengi mno. Rasimu ilikufa na katiba ya zamani ikaendelea. Tarehe 4 Agosti 2010 ilipigwa kura nyingine, safari hii kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa la, juu ya maandishi mengine yaliyoleta kaunti na ugatuzi, nayo yakapita kwa zaidi ya theluthi mbili.

Kukataa kwa 2005 ndiko kulikowezesha kukubali kwa 2010. Jambo hilo linawezekana tu pale kinachokataliwa ni waraka unaoweza kuandikwa upya. Mtu akikataa wazo tupu, hakuna anayejua ni sehemu gani ya wazo hilo iliyomkera, na wanaotaka kulirekebisha hawana pa kuanzia.

Kujitenga: Sudan Kusini 2011 na Uskoti 2014

Mpaka sasa nimezungumzia kujiunga. Kujitenga kuna ugumu wa ziada, kwa sababu upande mmoja mara nyingi hautaki kuandika masharti ya talaka kabla talaka haijaamuliwa.

Mkataba uliowapa watu wa Sudan Kusini haki ya kuamua ulijadiliwa kwa sehemu kubwa Naivasha, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Nakuru, chini ya upatanishi wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo, na kutiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Miaka sita baadaye, kuanzia tarehe 9 hadi 15 Januari 2011, kura ilipigwa, huku Wasudani Kusini waliokuwa Kenya na nchi nyingine saba wakiwekewa vituo. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, karatasi ilikuwa na picha: mikono miwili iliyoshikana kwa umoja, na mkono mmoja kwa kujitenga. Ilitakiwa asilimia 60 ya waliojiandikisha wapige kura ili matokeo yawe halali, na sharti hilo lilitimizwa kwa urahisi. Asilimia 98.83 walichagua kujitenga, na nchi mpya ikazaliwa tarehe 9 Julai.

Hakuna anayeweza kudai kwamba utashi wa watu haukujulikana. Kilichokosekana ni majibu ya mambo ambayo kura haikuyagusa. Mpaka haukuwa umekamilika, kura ya Abyei iliyopaswa kupigwa wakati huo huo haikufanyika, na mafuta yalikuwa kusini huku bomba likipitia kaskazini hadi Port Sudan bila makubaliano ya ada. Mwezi Januari 2012 Juba ilisimamisha uzalishaji, na miezi michache baadaye majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana Heglig. Vita vya ndani vilivyoanza Desemba 2013 vilikuwa na sababu nyingine, na si sahihi kuvibebesha kura ile.

Uskoti ilipata kitu ambacho Sudan Kusini haikukipata, yaani serikali mbili zenye nia ya kuheshimu jibu lolote. Makubaliano ya Edinburgh ya Oktoba 2012 yaliweka msingi wa kisheria wa kura hiyo. Serikali ya Uskoti ilitaka wananchi waulizwe kama «wanakubali» kwamba Uskoti iwe nchi huru, tume ya uchaguzi ikalijaribu swali hilo kwa watu wa kawaida, ikaona neno hilo linamsukuma mtu upande mmoja, na likaondolewa. Waliokuwa na umri wa miaka 16 na 17 waliruhusiwa kupiga kura. Tarehe 18 Septemba 2014 asilimia 84.6 walijitokeza na asilimia 55.3 wakakataa.

Hata hivyo Uskoti nayo haikuwa na mkataba mezani. Serikali yake ilichapisha kitabu cha zaidi ya kurasa 600 kueleza nchi huru ingekuwaje, kikiwemo kipengele cha kuendelea kutumia pauni, lakini yalikuwa matumaini ya upande mmoja, na London ilisema wazi kwamba haitakubali kugawana sarafu. Kwa hiyo naiweka katikati. Utaratibu wake ulikuwa safi kuliko wote niliowataja, ila mengi ya msingi yangejulikana baada ya kura.

Quebec ya Kanada iliwahi kujaribu dawa ya tatizo hili. Mwaka 1980 serikali ya jimbo iliomba idhini ya kujadiliana tu, ikaahidi kwamba matokeo ya mazungumzo yangerudishwa kwa wananchi katika kura ya pili. Karibu asilimia 60 walikataa hata hatua hiyo ya kwanza. Mwaka 1995 swali lilikuwa refu, likitaja ushirikiano mpya na Kanada, muswada, na makubaliano ya tarehe 12 Juni, na waliokataa walishinda kwa asilimia 50.58. Mahakama Kuu kabisa ya Kanada ilisema mwaka 1998 kwamba kujitenga kunahitaji wingi ulio wazi juu ya swali lililo wazi. Mfumo wa kura mbili wa 1980 ulishindwa kisiasa, lakini kwa muundo wake ninauona kuwa wa haki kwa mpiga kura wa nchi inayotaka kujitenga.

Idadi ipi inatosha

Katiba ya Kenya, kifungu cha 255, inataka kura ya maoni kwa mabadiliko yanayogusa mambo kama ukuu wa katiba, ardhi ya nchi na mamlaka ya wananchi. Kwa usomaji wangu, shirikisho la kweli haliwezi kuyakwepa mambo hayo. Masharti yake ni mawili: angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wapige kura katika angalau nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47, na wingi wa kawaida wa waliopiga kura waunge mkono. Ni muhimu kuelewa kwamba sharti la kaunti linahusu kujitokeza peke yake. Kisumu, Siaya, Busia na Kakamega zinaweza kukataa kwa kauli moja, na kujitokeza kwao kukasaidia kutimiza idadi ya kaunti.

Uswisi hufanya vingine. Kwa mambo makubwa ya aina hii inataka wingi wa wapiga kura na pia wingi wa majimbo yaliyokubali. Mwezi Desemba 1992 pendekezo la kuingia katika eneo la kiuchumi la Ulaya lilianguka kwa asilimia 50.3 ya kura, na majimbo mengi yakalikataa kwa tofauti kubwa zaidi. Mwaka 2002 kujiunga na Umoja wa Mataifa kulipita kwa asilimia 54.6 na kwa kura 12 za majimbo dhidi ya 11. Montenegro, ilipojitenga na Serbia mwaka 2006, iliwekewa na Umoja wa Ulaya kizingiti cha asilimia 55. Ilipata 55.5, na Serbia ikakubali.

Kuna vizingiti vibaya pia. Mwaka 1979 Waskoti waliopiga kura walikubali kuwa na bunge lao kwa asilimia 51.6, ila sheria ilitaka asilimia 40 ya wote waliojiandikisha. Waliobaki nyumbani wakahesabika kama waliokataa. Kwa daftari kama letu, ambalo usafi wake hubishaniwa kila uchaguzi, sharti la namna hiyo lingekuwa hatari. Nikilazimika kuchagua, ningetaka kwa shirikisho sharti la Uswisi: wingi wa nchi, pamoja na wingi wa kaunti zilizokubali.

Mlango wa kutokea

Kuna ukurasa mmoja ambao ningeutafuta kwanza katika rasimu yoyote ya katiba ya shirikisho, kabla hata ya ukurasa wa ziwa. Kwa sasa, Mkataba wa Jumuiya unaruhusu nchi kujitoa ikiwa theluthi mbili ya wabunge wake wataazimia hivyo na taarifa ya miezi 12 ikatolewa. Wananchi hawatajwi. Katiba ya Ethiopia, kifungu cha 39, inatoa haki ya kujitenga kwa hatua: theluthi mbili ya baraza la taifa husika, kisha kura ya maoni inayoandaliwa na serikali kuu ndani ya miaka 3. Katika visiwa vya Saint Kitts na Nevis, katiba inataka theluthi mbili ya wapiga kura wa Nevis, na mwezi Agosti 1998 takriban asilimia 62 walitaka kujitenga. Kwa kuwa hawakufika kiwango walichokikuta kimeandikwa siku nyingi kabla, Nevis ilibaki, na hakuna risasi iliyopigwa.

Yule mama wa Busia aliponiuliza kama kura ya ndiyo ingeweza kurudishwa nyuma, nilimwonyesha mifano hiyo mitatu. Alichagua ule wa Nevis, ila akataka kiwango kiandikwe kwa Kiswahili na kibandikwe sokoni kabla ya mtu yeyote kuombwa kidole chake kipakwe wino.